Nanunua Mafuta Yaliyochoka

Mimi ni mnunuzi wa mafuta ya kupikia yaliyotumika, hapa Mombasa. Nazunguka na pikapu Nyali, Bamburi na Mtwapa, na siku za Diani navuka feri ya Likoni. Mlango wangu ni ule wa nyuma wa jikoni, unakoingia mboga na kutoka taka. Nachukua mafuta yaliyokwisha kaanga samaki, kuku na chipsi mpaka yakawa ya kahawia na kuanza kutoa povu. Kabla ya kazi hii nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya pwani ya kusini, na kwetu jikoni mafuta yaliyochoka yalikuwa mzigo usio na mwenyewe: yakimwagwa huganda mferejini, yakiwekwa nyuma huita panya. Leo yanapakiwa bandarini Kilindini kwenda Ulaya, yakageuzwe dizeli na mafuta ya ndege. Na mimi, ambaye sikutaka hata kusikia habari za mafuta ya mimea, sasa hiyo ndiyo kazi ninayosomeshea watoto. Nataka kueleza kilichonigeuza.

Ubishi wangu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mbono, yaani jatropha. Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, mbono ulihubiriwa kote Afrika Mashariki: mti wa nchi kavu, mbuzi hauli, mbegu zake mafuta matupu. Kisayansi hapakuwa na uongo. Tarehe 30 Disemba 2008, Air New Zealand waliirusha Boeing 747 huku injini moja kati ya nne ikitumia mchanganyiko wa nusu mafuta ya kawaida, nusu yaliyotokana na mbono, na baadhi ya mbegu hizo zilitoka Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mjomba wangu kule Kilifi naye alipanda, mahali palipokuwa na mahindi. Mbono ulistahimili ukame kama alivyoahidiwa, ila kustahimili ni jambo moja na kuzaa ni jingine. Mbegu zilikuwa chache, na mnunuzi aliyemletea miche hakuonekana tena. Ndege iliruka, mjomba akabaki na miti. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ukoo wetu ulishtuka kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kijana mmoja alipokuja jikoni kwetu akiomba tumuuzie mafuta machafu yakatengenezwe mafuta ya ndege, nilimwambia, "Kaka, hadithi hiyo tunayo nyumbani." Akacheka. Hakuomba shamba, hakuomba mtu apande kitu. Alishusha mizani, akapima mitungi iliyokuwa imekaa pale nyuma, akalipa papo hapo, akaniachia mitungi mitupu na siku atakayorudi. Siku hiyo ikafika, akarudi. Nilianza kumuuliza maswali, halafu nikaanza kumsaidia, na mkataba wangu wa hoteli ulipokwisha nikaingia kazini moja kwa moja.

Swali lililonisumbua kama mpishi lilikuwa moja: mafuta ya kukaangia bhajia yanarushaje ndege? Mtu wa pwani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda chupani asubuhi za kipupwe, na kipupwe chenyewe cha Mombasa ni baridi gani? Ndege inapita zaidi ya mita 10,000 juu, na kiwango cha mafuta ya ndege ya Jet A-1 kinataka yasigande hata kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri. Jibu nililoelewa ni hili. Mafuta ya kupikia yana oksijeni ndani yake, na molekuli zake ni ndefu mno. Kiwandani hupashwa moto na kukandamizwa pamoja na gesi ya haidrojeni, oksijeni ikaondolewa, nyingi yake ikitoka kama maji. Kisha minyororo iliyobaki hukatwa na kutiwa matawi ili isishikamane kwenye baridi. Kinachotoka si mafuta ya kupikia tena. Shirika la viwango la ASTM la Marekani liliyaidhinisha mwaka 2011 yachanganywe na mafuta ya kawaida hadi nusu kwa nusu, na ndege haibadilishwi hata bomba moja. Mwezi Juni mwaka huohuo KLM walibeba abiria kutoka Amsterdam hadi Paris kwa mchanganyiko uliotokana na mafuta ya jikoni.

Kemia, basi, ilishamalizwa zamani. Kazi iliyobaki niliikuta mlango wa nyuma.

Ya kwanza ni maji. Nikifika ghalani namimina mafuta kwenye chujio la waya, makombo ya unga na miba ya samaki yakabaki juu. Mafuta hukaa pipani yatulie. Kisha nafungua bomba la chini kidogo kidogo: hutangulia maji yenye tope, yakifuatiwa na uji kama wa maziwa ambao si maji wala mafuta, na ndipo mafuta yenyewe yanapokuja. Nikiwa na shaka natia tone kwenye kikaango cha moto. Likitatarika, bado kuna maji. Mafuta yenye maji na yaliyochachuka yana asidi nyingi, na mnunuzi wa mwisho hukata bei au huyakataa kabisa.

Ya pili ni karatasi. Wanaouza Ulaya hufuata mifumo ya uthibitisho kama ISCC, na mfumo huo huanzia kwenye karai. Kila jikoni hutia sahihi kwamba haya ni mabaki ya upishi wake, uzito ukaandikwa, tarehe ikaandikwa. Mwanzoni niliona ni usumbufu wa Wazungu. Halafu alinijia mtu na mapipa, akitaka kuniuzia kwa haraka. Nilifungua moja nikainama kunusa. Mafuta meusi kiasi, lakini hayakuwa na harufu ya samaki, wala kitunguu, wala pilipili. Hakuna kombo hata moja chini. Nilimuuliza ni ya jiko gani. Akanijibu, "Wewe nunua tu, bwana." Sikununua. Ulaya kumekuwa na malalamiko kwamba mafuta mapya ya mawese yanaingizwa kwa jina la yaliyotumika, na hapo maana yote inapotea, kwa kuwa msitu umekatwa ili ndege ionekane safi. Tangu siku ile karatasi nazijaza kwa moyo.

Ya tatu ni ushindani. Kuna wanaonunua mafuta yaleyale ili wayauze tena kwenye vibanda vya kukaangia. Yakishakaangwa mara nyingi hivyo hayafai kwa afya ya mtu, na kwenye vibanda hivyo ndiko wanakokula wanafunzi na watu wa mjengo. Mtungi ninaoupata mimi ni mtungi usiorudi sahanini. Mama wa viazi karai wa mtaani kwetu hana cha kuniuzia, maana yeye huongeza mapya juu ya yaliyopo mpaka yaishe. Mzigo uko kwenye majiko makubwa.

Mei 2023 Kenya Airways waliondoka Nairobi kwenda Amsterdam na mchanganyiko wa mafuta ya ndege ya aina hii, yaliyotengenezwa Italia na kampuni ya Eni, ambayo yenyewe hununua Kenya mafuta ya mbegu za mbarika na mafuta yaliyotumika. Nilifurahi, nikafanya hesabu. Tangi la Boeing 787-8 linabeba takriban lita 126,000. Ni mitungi 6,300 ya lita 20, kabla hujatoa kinachogeuka gesi na dizeli kiwandani. Hesabu hiyo ilinitia adabu. Mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza kama tani milioni 1 za mafuta ya ndege yasiyotokana na petroli, yaani asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege, na bei yake ilikuwa mara mbili na zaidi ya yale ya kawaida. Soko linashikiliwa na sheria: Umoja wa Ulaya unawadai wauzaji wa mafuta kwenye viwanja vyake wachanganye asilimia 2 kuanzia 2025, 6 ifikapo 2030, na 70 ifikapo 2050. Chipsi za dunia nzima hazitafika huko. Ndiyo maana wengine wamegeukia njia nyingine, kama kile kiwanda cha LanzaJet kilichozinduliwa Soperton, Georgia, Marekani, mwaka 2024 ili kutengeneza mafuta ya ndege kwa ethanoli.

Nilikulia Changamwe, karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoacha kusafisha mwaka 2013. Kumekuwa na mazungumzo kati ya serikali na Eni ya kukigeuza kisafishe mafuta ya mimea. Kwa sasa mafuta ya Nyali yanasafiri baharini hadi Italia yakiwa ghafi, na faida kubwa huanzia yanakoshushwa. Naamini sasa kwamba mafuta haya ni kazi ya kweli, na kwa imani hiyohiyo nasema kazi hiyo haitakuwa yetu mpaka angalau hatua moja ya kiwandani ifanyike huku.

Mjomba bado yuko Kilifi. Juzi kaniuliza, "Mwanangu, wanakuja tena, safari hii na mbarika. Nipande?" Nikamwambia, "Mjomba, waulize bei imeandikwa wapi, nani atalipa mvua ikikosa, na mnunuzi wa pili ni nani wa kwanza akiondoka." Hakupanda badala ya mahindi, amepanda mpakani mwa shamba.

Na vijana wanaotaka kuingia kwenye biashara hii nawaambia waanze na muosha vyombo. Meneja hutia sahihi, mpishi hukaanga, lakini muosha vyombo ndiye anayeamua kama mtungi utafungwa au utaachwa wazi mvuani, na kama maji ya sinki yatamwagwa humo. Hoteli nyingi humlipa mshahara tu, na fedha za mafuta zinaenda ofisini. Mimi nimekubaliana na mameneja nimpe chake mkononi, kwa kila mtungi mkavu. Yeyote anayepanga viwanda vya mafuta ya ndege, akiwa Nairobi au Roma, na amuweke mtu huyo kwenye hesabu zake. Tangu nianze kumlipa, bomba la pipa langu likifunguliwa, maji hayafiki hata kikombe.