Meli ya plastiki ilivyonilazimisha kusema ukweli

Mwanangu wa miaka minane aliletewa zawadi ya meli ya plastiki, ya rangi ya waridi. Hakuipenda. Alitaka iwe nyeupe, yenye ghorofa, kama zile anazoziona bandarini hapa Mwanza.

Nikachukua rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti, nikaipaka hivyo hivyo. Kesho yake ilibanduka kama maganda ya kitunguu. Jirani yangu, fundi rangi, akanicheka. Akasema plastiki huoshwa kwanza kwa sabuni ili mafuta yatoke, ikauke, kisha isuguliwe kwa msasa laini mpaka iache kung'aa. Halafu unapaka rangi nyembamba, unasubiri ikauke, unarudia. Thina usiguse, huweza kuyeyusha plastiki. Mtoto mpe rangi ya maji, mfanyie kazi nje penye hewa.

Tulifanya hivyo Jumamosi nzima. Mstari wa buluu tuliunyoosha kwa tepu ya karatasi. Mwanangu akaongeza ghorofa tatu za maboksi ya viberiti, akazijaza vizibo vya soda. Hao ndio abiria.

Tulipoiweka kwenye beseni, ikalala upande, ikapinduka. Vizibo vikazama. Yeye akacheka sana.

"Baba, mbona wewe hucheki?"

Kuna picha ya dada yangu mkubwa sebuleni. Siku zote nimemwambia mwanangu kwamba shangazi yake alifariki safarini, basi. Siku hiyo nikakaa chini karibu na beseni, nikamweleza. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka ziwani ikiwa karibu kufika. Mamia ya watu walikufa. Shangazi yake alikuwa humo. Mimi nilikuwa kidato cha pili.

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Ilikuwa nzito juu kama yetu?"

Nikamwambia mimi si fundi wa meli, ila hii yetu tunaweza kuirekebisha. Tukatoa ghorofa mbili, tukagandisha nati sita chini kabisa kwa gundi. Akaisukuma kwa kidole. Ikayumba, ikarudi wima. Akaisukuma tena na tena.

Kila Desemba huenda kwa bibi yake Bukoba kwa basi. Akiuliza kwa nini tusipande meli, husingizia nauli. Juzi ameuliza tena, nami nikamjibu kwamba naogopa.

"Mimi nitakushika mkono," akasema.

Tiketi sijakata bado. Lakini mzazi mwenzangu, nimejifunza jambo: miaka yote nilidhani namkinga mtoto na habari ile, kumbe nilikuwa najikinga mwenyewe. Meli yake iko juu ya kabati, chini ya picha ya shangazi. Ameiweka yeye, sikumwambia.