Trekta inayokula maji

Mhunze, Jumatatu, 4 Novemba 2024

Massey Ferguson 290 ya mzee wa pamba imeletwa ikivutwa. Dereva anasema inakula maji: kila wakilima ekari moja ya mbuga lazima aongeze, na chini haoni tone. Fundi wa huko ilikotoka ameshatoa hukumu, gasketi ya hedi, bila hata kuikagua oili. Nimemwambia mzee hedi haishuki leo. Ameguna. Mvua zinanukia, na watu wameshalipia kulimiwa.

Rejeta imeziba matope na mbegu za nyasi. Kijana anaiosha kutokea upande wa feni. Themostati haipo, ilitolewa zamani. Huku kwetu ndiyo dawa ya kwanza ya injini inayochemsha, nayo haitibu kitu: injini haipati joto lake, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka mapema.

Jumanne, 5 Novemba

Alfajiri, kabla haijawashwa, nimelegeza nati ya kumwagia oili taratibu. Maji ni mazito kuliko oili. Kama yameingia, usiku kucha hushuka chini na ndiyo hutangulia kutoka. Imetoka oili nyeusi tii, basi. Kwenye mfuniko wa kujazia hakuna ule utando mweupe. Nikatoa mkanda wa feni, nikajaza rejeta mpaka shingoni, tukawasha kidogo tu. Gasketi ikiungua, hewa ya silinda hupenya na kupanda kwa mapovu. Maji yametulia tuli.

Injini hii ni Perkins A4.248, laina zake kavu, hazigusi maji. Zile ringi za mpira zinazotusumbua kwenye Valmet humu hazimo kabisa.

Jioni nimetumia mfuniko wangu wa rejeta wenye vali ya tubu na pampu ya baiskeli, injini ikiwa ya baridi. Nimepandisha hadi pauni 7, kama mfuniko wake ulivyoandikwa. Pauni hizo si mapambo. Huku kwetu Kishapu tuko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yakibanwa kwa pauni 7 yanavumilia zaidi ya 105. Mfuniko ukilegea, hasara inaanzia hapo. Huu wake unashika.

Geji ikaanza kushuka polepole. Tochi mkononi, nikapita hozi, plagi za ubavuni, chini ya rejeta: pakavu. Ila ubavu wa bloku, nyuma ya wota pampu, una michirizi myeupe. Maji ya kisima cha kwao yana chumvi, na chumvi haipai na mvuke. Nikaifuata kwa kidole kwenda mbele, ikanifikisha nyuma ya puli. Chini ya pampu kuna tundu dogo la kutolea maji sili ikichoka. Limejazwa gundi ya chuma.

Jumatano, 6 Novemba

"Mzee, nani aliziba hapa?"

"Si palikuwa panavuja, baba?"

Nimecheka, naye akacheka baadaye kidogo. Tundu lilipozibwa, maji yakageukia beringi, yakaosha grisi yote, yakawa yanatokea kwenye shafti. Feni inayapulizia bloku ya moto, yanakauka kabla ya kudondoka. Ndiyo maana dereva hakuona tone. Puli ukiishika inacheza juu na chini. Ingekaa hivyo, siku moja feni ingekula rejeta, na hapo tungeongea lugha nyingine.

Ijumaa, 8 Novemba

Sili na beringi zimetoka Shinyanga mjini. Duka la kwanza walinipa sili isiyo yake, kwa uso mkavu kabisa. Tumefunga, tundu limezibuliwa. Themostati tumeibishania hadi adhuhuri. Mzee anaiona ni kizibo. Nikaitumbukiza kwenye sufuria ya chai ya mama ntilie, akaiona ikifunguka maji yalipokaribia kuchemka. "Haya, iweke."

Pauni 7 tena, geji haikusogea.

Jumatatu, 11 Novemba

Dereva kapiga simu kutoka shambani. Amelima tangu asubuhi, maji yamepungua upana wa kidole. Nimemwambia aangalie ile hozi ya chini, kibano chake nilikikaza kikiwa cha baridi, na asifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Anataka pia kujua kama aweke maji ya kisima au ya bomba la Ziwa. Ya bomba, hata kama ni kuyafuata kwa punda.