Uvira hadi Makobola na usukani mgumu

Safari ya kutoka Uvira kwenda Makobola si ndefu. Ni barabara ile ile ya RN5 inayoendelea hadi Swima, Mboko na Baraka, na mbele zaidi hadi Kalemie. Ukielekea kusini, Ziwa Tanganyika liko kushoto na milima iko kuume. Katikati nafasi ni ndogo. Nyumba, mihogo, mbuzi, watoto wa shule na magari, wote wanagawana kipande hicho kimoja.

Tulikuwa saba ndani ya jeep yetu: mimi niliyeendesha, mama mkwe mbele, dada yangu na watoto wanne nyuma. Tulibeba pia mfuko wa mchele na sufuria za sombe. Ilikuwa tarehe 30 Disemba. Wenyeji wa huku wanajua maana ya tarehe hiyo. Kuanzia 30 Disemba 1998 hadi 2 Januari 1999, watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema ni zaidi ya 800. Mama mkwe ana ndugu zake katika makaburi yale. Kila mwaka anataka kufika, hata kama mvua inanyesha.

Usukani ulikuwa umeanza kunisumbua wiki mbili kabla. Nikigeuza gari uani au kutafuta nafasi pale sokoni, ulikuwa mzito hadi mabega yanauma. Nilikwenda kwa fundi. Akafungua kopo la mafuta ya usukani, akakuta yamepungua, akaongeza. Usukani ukawa mwepesi, nikalipa, nikashukuru. Sikumuuliza mafuta yale yalikwenda wapi. Mafuta ya usukani hayaunguzwi kama petroli. Yakipungua, yametoka mahali.

Siku ya safari, tulipopita Kalundu gari lilikwenda vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipodanganyika. Gari likiwa na mwendo, matairi yanazunguka na kugeuka kwa urahisi, hata msaada wa pampu ukiwa mdogo. Likienda polepole, matairi yanasuguana na ardhi na usukani unahitaji nguvu nyingi. Lakini wakati huo huo injini inazunguka taratibu, na pampu inayoendeshwa na mkanda wa injini inasukuma mafuta kwa unyonge. Kwa hiyo ugonjwa wa usukani unajionyesha kwanza kwenye mwendo mdogo: sokoni, kwenye bariere, kwenye mashimo, kwenye kona ya nyumbani. Na huko ndiko watu waliko.

Tulipoingia Makobola, barabara ilijaa watu waliovaa nguo za ibada, wakitembea kwa miguu. Nilipunguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea. Usukani ukawa kama umefungwa kwa kamba, na chini ya boneti mkanda ukapiga kelele. Mbele yangu msichana wa miaka kama kumi, mwenye beseni la ndagala kichwani, alitoka kando kukwepa dimbwi. Nilivuta usukani kushoto kwa mikono miwili. Haukuja. Nikakanyaga breki. Gari lilisimama, na kati yake na yule mtoto ilibaki hatua moja. Beseni lilianguka, ndagala zikamwagika matopeni.

Hakuna aliyeumia. Nilishuka huku magoti yakitetemeka, nikamlipa msichana ndagala zote. Bibi yake akanishika mkono, akasema, "Mama, pumzika kwanza." Mama mkwe hakusema neno. Alichukua sufuria moja, watoto wakachukua nyingine, tukatembea hadi makaburini. Gari niliacha kando ya njia.

Baada ya ibada, kijana mmoja anayetengeneza pikipiki alilala chini ya jeep. Alikuta mpira unaorudisha mafuta kwenye kopo umepasuka mwishoni, penye kibanio. Mafuta yalikuwa yanadondokea mkanda, na mkanda uliolowa ukawa unateleza bila kuivuta pampu. Alikata kile kipande kilichopasuka, akafunga upya, akafuta na kukaza mkanda, akajaza mafuta. Pia alijaza upepo kwenye matairi ya mbele, maana yalikuwa yamelegea. Hayo tu. Tulirudi Uvira bila haraka, na kesho yake nikabadilisha mpira na mkanda kabisa.

Wamama wengi wa chama chetu hawaendeshi, lakini sisi ndio tunaopanga safari, tunaolipa mafuta na tunaopakia watoto. Kwa hiyo, kabla ya kwenda harusini, msibani au hospitali, tufanye haya. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini inawaka, dereva ageuze usukani kushoto na kulia. Ukiwa mzito au mkanda ukilia, msiondoke. Angalieni kopo: mafuta yawe kati ya alama mbili, ya chini na ya juu. Tazameni ardhi mahali gari lilipolala. Doa la mafuta ni habari. Pimeni upepo wa matairi ya mbele kabla gari halijatembea. Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Ya breki yanaharibu mipira ya ndani. Kama gari lenu linatumia usukani wa umeme, hakuna kopo. Tazameni taa ya usukani mbele ya dereva, na betri kama imechoka. Na dereva asiushikilie usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho, maana pampu inachemka.

Fundi akisema "nimeongeza mafuta", mwulizeni: "Papa, yalitokea wapi?" Asipowaonyesha, kazi haijaisha.

Mwaka uliofuata tulirudi Makobola na jeep ile ile. Tulipofika penye dimbwi, mama mkwe aliweka mkono wake juu ya usukani, akausukuma kidogo kwa kidole, kisha akaniambia niendelee.