Ushahidi wa Injini

Hukumu ni nyepesi kutamkwa na nzito kubebwa. Mtu huweza kuitoa kwa pumzi moja, na mwenzake akaibeba umri wake wote. Kwa sababu hiyo kila jamii yenye busara imeweka uchunguzi kati ya tuhuma na hukumu, kama mlango uwekwavyo kati ya njia na nyumba. Wanafunzi aghalabu hufikiri kuwa uchunguzi ni kazi ya mahakama na maabara peke yake. Katika insha hii nataka kuonyesha kuwa hata gari kuukuu linalokataa kuwaka laweza kuwa mwalimu wa jambo hili, na kuwa pale uchunguzi unapokosekana, ubovu wa chombo huweza kuharibu jina la mtu.

Modogashe ni mji mdogo wa Kaunti ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, mahali ambapo barabara itokayo Garissa hukutana na ile itokayo Isiolo kwenda Wajir. Nchi yake ni tambarare ya mchanga na migunga, na jua lake halina huruma. Watu wake wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Tangu zamani wana sheria ya mila iitwayo heer, ambayo kwayo wazee huketi chini ya mti, wakasikiliza upande huu na upande wa pili, kisha wakaamua. Mwaka 2001 mji huu ulitoa jina lake kwa Azimio la Modogashe, mapatano ya amani baina ya jamii za wafugaji juu ya malisho, wizi wa mifugo na fidia. Mahali penye sifa kama hiyo, hukumu ya haraka ni aibu maradufu.

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa dhiki. Tangu mwisho wa 2020 mvua zilikuwa zikikosekana msimu baada ya msimu katika Pembe ya Afrika, na mwaka huo ulipokwisha, misimu mitano mfululizo ilikuwa imepita bila ya mvua ya kutosha. Shule niliyofundisha baada ya kutoka chuo cha ualimu ilitegemea maji ya pikapu moja. Ilikuwa pikapu ya petroli, yenye kabureta, na umri wake ulizidi ule wa dereva wake. Kila asubuhi ilikwenda kwenye kisima kirefu ikarudi na mapipa ya maji. Ilipofika, watoto walikunywa na uji ukapikwa. Isipofika, madarasa yalikuwa matupu kabla ya adhuhuri, kwa maana mtoto mwenye kiu hana sikio la somo.

Ghafula pikapu hiyo iliugua. Asubuhi ilizungushwa mara nyingi kabla ya kuwaka. Ilipowaka ilitetemeka kama mtu mwenye homa, ikakohoa, ikazimika. Mwenye gari aliuza mbuzi akanunua betri mpya, ugonjwa ukabaki. Aliuza mbuzi wa pili akanunua plagi nne, ugonjwa ukabaki. Mbuzi wa tatu hakuwapo, basi hasira ikatafuta mtu. Ilimwangukia dereva, kijana wa miaka 19. Ilisemwa sokoni kuwa aliuza petroli njiani na kujaza mafuta ya taa mahali pake. Hila hiyo yajulikana katika nchi yetu, hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuizuia. Lakini kujulikana kwa hila ni jambo moja, na kuthibitika kuwa fulani ameifanya ni jambo jingine. Mshahara wa kijana ulizuiwa, na salamu alizozitoa njiani zikaanza kukosa mwitikio. Alijitetea kwa maneno machache tu: "Adeer, petroli sikuigusa. Na breki nayo imekuwa ngumu." Adeer ni ami kwa Kisomali, na kijana humwita hivyo mtu mzima kwa heshima. Neno la breki lilipita kama upepo. Lilihesabiwa kuwa kisingizio.

Siku ya nne alipita fundi mzee kutoka Garissa akielekea Wajir, akaombwa kulitazama gari. Nilikuwapo pamoja na wanafunzi wachache wa somo la sayansi, nikaandika katika daftari niliyoyaona na kuyasikia.

Ili msomaji afuate kazi ya fundi yule, yampasa kukumbuka jinsi injini ya petroli inavyokwenda. Injini ya mapigo manne, ambayo Nikolaus Otto wa Ujerumani aliifanikisha mwaka 1876, haina siri kubwa. Pistoni hushuka ikavuta hewa na petroli, hupanda ikavibana, cheche ya plagi huviwasha, na nguvu ya moto ikaisukuma pistoni chini, kisha hupanda tena ikautoa moshi. Basi injini hutaka mambo manne: mchanganyiko wa kadiri, yaani kwa uzito sehemu 1 ya petroli kwa sehemu 15 hivi za hewa, mbano wa kutosha, cheche yenye nguvu, na cheche hiyo ije kwa wakati wake. Likikosekana moja, injini huwaka kwa shida au haiwaki kabisa. Dalili ni moja, lakini asili zake ni nyingi. Anayenunua kipuri kwa kubahatisha ni sawa na mganga anayetibu kila homa kwa dawa moja.

Fundi hakugusa kisanduku cha vyuma vyake. Alianza kwa kuuliza. Ugonjwa ulianza lini? Gari hukataa kuwaka likiwa baridi au likiwa moto? Hutetemeka likisimama au likiwa mwendoni? Kitu gani kingine kimebadilika tangu siku ile? Mwenye gari alijibu swali la kwanza. Maswali mengine yalimshinda, kwa kuwa yeye hakuwa akiliendesha. Fundi akamgeukia kijana. Kijana akasema kuwa hukataa likiwa baridi, hutetemeka likisimama, na likishika mwendo hutulia karibu kama zima. Akaongeza kwa sauti ndogo kuwa breki imekuwa ngumu. Fundi akamwomba arudie neno hilo la mwisho, kisha akanyamaza kitambo.

Kwanza aliipima tuhuma yenyewe. Aliamuru watu wakae mbali na moto wowote, akatoa petroli kidogo katika chupa nyeupe, akaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, na yangalikuwamo yangalikaa chini na kuonyesha mpaka wao, mpaka haukuonekana. Alidondosha tone katika karatasi. Petroli safi hukauka upesi, lakini mafuta ya taa hukawia na huacha doa. Tone lilikauka, doa halikubaki. "Petroli haina hatia," akasema. Watu walianza kuondoka, lakini fundi akawazuia. "Ngojeni. Aliyesingiziwa ametoka, lakini mkosaji bado hajapatikana, na asipopatikana mtamrudia huyu huyu kesho."

Starta ilizungusha injini kwa nguvu, basi betri ikaachiliwa. Plagi ilipojaribiwa ilitoa cheche ya samawati, kali na ya kulia, basi upande wa umeme nao ukaachiliwa kwa muda. Kisha gari liliwashwa, likaachwa likinguruma mahali pake, gia ikiwa huru na mawe yakiwa yamezuia magurudumu. Kwa koleo kavu yenye mipini ya mpira, maana waya wa plagi hubeba umeme wa maelfu ya volti, fundi alizichomoa nyaya moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Waya wa silinda ya kwanza ulipotoka, mngurumo uliharibika zaidi. Kwa hiyo silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Ya pili na ya tatu zilikuwa vivyo hivyo. Waya wa silinda ya nne ulipotoka, hapakuwa na tofauti yoyote. Mfanyakazi asiyetambulikana akiwapo wala asipokuwapo, huyo ndiye asiyefanya kazi.

Mtu mwenye pupa angalisema kuwa plagi ya nne ni mbovu. Fundi alizima injini, akaibadilisha na ya kwanza, akawasha tena. Ubovu haukuhama, ulibaki katika silinda ya nne. Basi plagi ikaachiliwa. Alizitazama rangi: tatu zilikuwa na hudhurungi hafifu, dalili ya moto wa kadiri, na moja iliyotoka katika silinda ya nne ilikuwa nyeupe, dalili ya hewa nyingi na petroli haba. Akavuta choki, ambayo hupunguza hewa na kuongeza petroli, na mtetemeko ukapungua. Sasa mashahidi wawili walikuwa wamesema neno moja. Hewa ilikuwa ikiingia kwa mlango usio wake.

Injini huvuta hewa kama mtu anyonyavyo kwa mrija, na katika magari mengi mvuto huo hutumika pia kukisaidia chombo cha breki, ili mguu wa dereva usipate taabu. Mpira mnene hutoka kwenye njia ya hewa, katika gari lile karibu na silinda ya nne, ukaenda kwenye chombo hicho. Fundi aliubana mpira ule kwa koleo. Papo hapo injini ikatulia. Aliupindua, tukaona ufa wa urefu wa ukucha upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki, ambapo joto na vumbi la miaka mingi vimeula. Gari likisimama, hewa ipitayo kwenye kabureta ni kidogo, na ile ya wizi huwa fungu kubwa. Likiwa mwendoni hewa ni nyingi, na ile ya wizi haihisiki. Kwa ufa ule ule breki ilipoteza msaada wake na kuwa ngumu. Katika barabara ambayo ngamia huikatiza bila ya kutoa taarifa, ufa ule ungaliweza kuua.

Sehemu mbovu ilikatwa, mpira ukavutwa na kukazwa upya, na baada ya siku mbili mpira mpya ukaletwa kutoka Garissa. Ulikuwa wa aina iliyotengenezwa kwa kazi ya breki, maana mpira laini wa maji hunywea ukivutwa. Hakuna mbuzi aliyeuzwa. Mwenye gari alifanya lililo gumu kuliko kununua betri: alikwenda katika hoteli ya chai alikomtuhumu kijana, akasimama mbele ya watu wale wale, akasema kuwa amemdhulumu, akamlipa mshahara wake wote. Maji yakafika shuleni.

Mambo niliyoyaandika katika daftari ni machache. Uliza kabla ya kufungua. Anza kwa jaribio lisilo na gharama wala madhara. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili ujue ni kipi kilichojibu. Pokea jibu lisilokupendeza kama unavyopokea lile ulilolitarajia. Na zaidi ya yote, msikilize mtuhumiwa, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliye karibu zaidi na jambo lenyewe. Kijana yule alikuwa ameutaja ufunguo wa fumbo lote siku nne kabla ya fundi kufika, lakini neno la mtu aliyekwisha kuhukumiwa huwa halina uzito masikioni.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi, wengine mtakuwa matabibu, wengine mahakimu, wengine mafundi, na wengi mtakuwa wazazi. Hata leo, kitabu kikipotea darasani, jina la mtu fulani huanza kunong'onwa kabla ya dawati moja kufunguliwa. Siku hiyo itakapofika, kumbuka kuwa tuhuma ni swali, na swali halina haki ya kujigeuza jibu mpaka lipite katika njia ya uchunguzi. Njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini anayeipita hatarudi kuomba radhi.