Mwenye Wimbo Hayupo

Katikati ya kipupwe cha mwaka 2003 nilifunga safari kutoka Unguja hadi Mwazye, katika uwanda wa juu wa Ufipa, kuhudhuria arobaini ya mzee ambaye nilikuwa nimeonana naye mara moja tu maishani. Alikuwa baba wa rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani, na kwa miaka mingi alifundisha kwaya ya parokia. Nilivuka kwa boti, nikapanda basi hadi Mbeya na Tunduma, kisha nikala vumbi kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Sumbawanga, maana wakati ule lami ilikuwa haijafika huko. Kipande cha mwisho nilikaa nyuma ya pikapu, nimejifunika kanga ya abiria mmoja aliyenihurumia. Sisi watu wa pwani tukisikia neno baridi hufikiri upepo wa kusi. Baridi ya Ufipa ni kitu kingine, huingia mifupani ikaweka maskani. Njiani niliona yale matuta ya duara ambamo Wafipa hufukia majani yaoze yawe mbolea, yamejipanga shambani kama makaburi madogo. Pengine niliyaona hivyo kwa sababu ya jambo lililonipeleka.

Mkobani mwangu mlikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa daftari la mashairi ya marehemu baba yangu. Baba hakuwa mtunzi wa kutajwa vitabuni. Alitungia harusi, baraza za jioni na majibizano na watani wake, na kila shairi alilipa mahadhi yake, akaliimba mwenyewe. Tangu alipofariki mwaka 2001, waimbaji wawili walikuwa wameniomba ruhusa ya kuyaimba, nami nikawanyima. Niliwajibu kuwa mwenye wimbo hayupo. Nililibeba daftari lile hadi bara kwa choyo tu: nilichelea kuliacha nyumbani, wasije wakalinakili.

Kitu cha pili kilikuwa zawadi ya rafiki yangu: diski ya tamasha lililofanywa katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 20 Aprili 1992, kumkumbuka Freddie Mercury. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa sana. Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake alikuwa mtunza fedha mahakamani. Mtoto akapelekwa skuli India. Na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Leo Mji Mkongwe una nyumba zaidi ya moja zinazodaiwa kuwa ndipo alipokulia, na zote hupigwa picha. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa ana UKIMWI, ugonjwa ambao zama zile sisi wenyewe hatukuutaja misibani ila kwa mafumbo. Wenzake watatu wa Queen, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, wakabaki na bendi ya miaka 20 na nyimbo ambazo sauti yake imezikwa. Ndipo wakaalika wageni waje kuziimba, mbele ya watu 72,000.

Usiku wa kuamkia arobaini, jenereta la kuazima likawashwa uani, runinga ikawekwa juu ya meza ya chakula, na kwaya nzima ikajibana sebuleni. Nilikuwa na wasiwasi. Nani angetaka kutazama magitaa ya Wazungu matangani? Lakini rafiki yangu alishikilia. "Ndugu yangu," alisema, "hawa nao ni watu wa muziki waliofiwa."

Mwanzoni walicheka: zile nywele, zile suruali za ngozi, na Lisa Stansfield aliyeingia akisukuma mashine ya kufyonza vumbi. Kisha David Bowie, alipomaliza wimbo wake, akapiga goti jukwaani, umati wote ukimtazama, akaanza kusema kitu kwa sauti ya utulivu. Hakuna aliyetafsiri. Katekista mmoja mzee aliyekaa karibu na mlango aliutambua mwendo wa maneno kabla yangu mimi niliyejua Kiingereza. Akavua kofia, akaanza Baba Yetu kwa Kiswahili, na sebule nzima ikamfuata. Bowie na yake, Mwazye na yao, wakamaliza karibu pamoja. Niliwaambia kuwa tamasha lile lilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Katekista alitikisa kichwa kama mtu aliyekwishajua.

Hakuna aliyecheka tena. George Michael alipoingia, na nyuma yake kwaya ya injili ya London, wanakwaya wa Mwazye walisimama ili waone vizuri. Waama nimekitazama kipande kile mara nyingi tangu hapo, na bado nasema hakuna mgeni aliyekikalia kiti kile kwa raha kama yeye. Alipanda alikopanda mwenyewe, akashuka aliposhuka. Mjane wa marehemu, aliyekuwa kimya kando ya jiko la mkaa tangu magharibi, ndipo akafungua kinywa.

"Huyu anaimba vizuri mno, mwanangu. Ukifumba macho unasahau nani amekufa."

Sebule ikagawanyika. Vijana wa sauti ya tatu walisema hiyo ndiyo kazi ya mgeni, wimbo usilale njaa. Wazee wakasema mgeni wa matanga hakalii kiti cha marehemu, na kwamba wao waliwapenda zaidi wale waliopapasa. Mimi moyoni niliwaunga mkono wazee, kwa kuwa rai yao ilinipa hoja ya kuendelea kulificha daftari langu. Nikaongeza mfano: Robert Plant, aliyevuma na Led Zeppelin, alitatizika katika maneno ya wimbo uitwao Innuendo, baadaye akaomba kipande hicho kisiwekwe kwenye diski, na kweli hakimo. Nilidhani nimewasaidia wazee. Mmoja wao, mwimba besi, akanigeukia.

"Kwa nini akifute? Hapo ndipo alipomlilia."

Sikuwa na jibu.

Asubuhi, kwenye misa, nilikaa benchi la nyuma, kofia yangu ya viua nimeivua kwa adabu ya wenyeji. Kwaya iliimba utunzi wa marehemu kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Ulianza chini mno, sauti ya kwanza ikashindwa kusikika, wakasimama, wakaanza upya. Sijui kama aliyekufa angeridhika.

Baada ya ugali wa ulezi na migebuka iliyotoka Ziwa Tanganyika, mjane akasema mgeni aliyetoka baharini hawezi kurudi bila kumwachia mzee wimbo wa kwao. Nilijitetea kuwa sina sauti. Nikatazamwa tu. Nikaenda ndani, nikalitoa daftari.

Niliimba kwa mahadhi ya baba, kadiri nilivyoyakumbuka. Beti tatu zilikwenda. Katika ubeti wa nne niliukuta mwandiko wake umetetemeka, alikuwa mgonjwa alipouandika, na mahadhi yakanipotea kabisa. Sauti ikakatika, macho yakaona giza la maji. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Wale wazee wa besi, ambao hawakuwa wamewahi kulisikia shairi lile, wakaanza kuvuma chini kwa midomo iliyofumbwa, noti moja, kisha ya pili, kama watu wanaomshikia mwenzao ngazi. Nikapanda juu yao hadi mwisho.

Rafiki yangu alikuwa amerekodi yote kwa redio ya kaseti. Nilimsihi afute kuanzia ubeti wa nne. Akacheka, akaniuliza mimi ni Robert Plant wa wapi.

Miaka imepita. Mwazye sasa imo katika Wilaya ya Kalambo. Bowie na George Michael wote walifariki mwaka 2016. Queen walianza kuzunguka na Adam Lambert mwaka 2012, na watu wangali wanabishana vilevile kuhusu kiti. Kaseti iliniwasili Unguja mwaka 2004, imefungwa kwenye gazeti na kupitishwa mikono ya makondakta watatu. Mmoja wa wale waimbaji wawili alipokuja tena kuomba daftari, nilimpa kaseti kwanza. Alisikiliza hadi ubeti wa nne, akairudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Kundi gani hili linalovuma nyuma?" akauliza. "Sijapata kuyasikia mahadhi haya."

Nikamwambia ni watu wa Mwazye, na nikaenda kulitafuta daftari.