Kazi za Ufagio

Ndani ya LibreOffice, ile programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu, kulikuwa na Kijerumani kingi. Mtumiaji hakukiona. Kilikuwa kwenye maelezo ambayo waandishi wa msimbo huachiana pembeni mwa mistari, kwa sababu programu yenyewe ilianzia kwenye kampuni ya Ujerumani, StarDivision, kabla ya kununuliwa na Sun ya Marekani mwaka 1999. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, menyu zilisema Kiswahili, ila huko chini watu walikuwa bado wananong'onezana Kijerumani. (Na sisi tuliokopa kwao neno shule tusijifanye tunashangaa.)

LibreOffice ilipojitenga mwaka 2010, kutafsiri maelezo hayo kwenda Kiingereza kukawa mojawapo ya kazi ndogo za wageni, pamoja na kufuta msimbo usiotumika na kuondoa mistari inayoita mafaili yasiyohitajika tena. Kazi za ufagio, basi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe unapewa mlangoni.

Mimi nilichukua kufuta. Mistari kumi na moja tu. Mkaguzi, mtu nisiyemjua hata sura, akajibu kwa maandishi marefu kuliko mistari yenyewe. Umejuaje kwamba haitumiki? Kwenye Linux hakuna anayeiita, sawa, na Windows je? Na Mac? Nilikuwa nimeangalia kote, nikamwonyesha. Akarudi tena, safari hii kuhusu ule ujumbe unaoambatana na badiliko: usiandike umefuta nini, hilo kila mtu analiona, andika kwa nini.

Ukipiga hesabu, haikubali. Yule bwana angefuta mwenyewe kwa dakika mbili, akalale. Badala yake aliiacha kazi ikae na vumbi lake mpaka atokee mtu wa kuifanya, kisha akampa jioni mbili. Bibi yangu alikuwa hivyo na mchele: anakuachia sinia uchambue, halafu anaupitia wote upya bila kusema neno.

Wapo wanaonung'unika kwamba wageni hufuta mistari yao mitatu wakatoweka. Kweli wengi hutoweka. Mimi hilo halinisumbui sana, nyumba imefagiliwa. Kinachonikera ni mradi unaobandika “kazi ya kuanzia” mlangoni halafu ndani hakuna mtu. Upo mmoja, sitautaja, nilioutumia marekebisho madogo kama yale. Mwezi wa nane sasa. Juzi nimepita tena: wageni wengine watatu wameomba kazi ile ile, kila mmoja kwa adabu zake, mmoja ameandika hodi mara mbili.