Njia ya Skuli, Bakora na Unga: Kumbukumbu ya Malezi Vijijini Jozani

Katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, kama vile Pete, Kitogani, Ukongoroni na Charawe, nidhamu ya skuli kwa miaka mingi haikuwa kazi ya mwalimu peke yake, na kwa sababu hiyo hofu waliyonayo wazazi wa leo juu ya dawa za kulevya haieleweki kwa kulitazama darasa tu. Tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipotangaza elimu bila ya malipo, skuli iliwakuta watu wa shamba, neno ambalo Unguja humaanisha kila palipo nje ya mji, tayari wana chuo cha Kur-ani, wana baraza za kukalia jioni, na wana desturi inayompa mtu mzima yeyote haki ya kumkanya mtoto yeyote. Mwalimu alipewa bakora ileile ambayo maalim wa chuoni alikuwa nayo tangu zamani, naye akaitumia kwa idhini ya wazee.

Mwandishi wa kumbukumbu hii, aliyekuwa mmoja wa watoto wa vijiji hivyo, anaikumbuka njia ya skuli kuliko anavyoikumbuka bakora. Mtoto aliyetoka skuli kabla ya wakati aliwapita wanawake wanaosuka kamba za makumbi, akawapita wazee wanaotengeneza madema, na kila mmoja alimuuliza kwa nini anarudi mapema, tena akamwita kwa jina la baba yake, hata ikawa habari zake zinafika nyumbani kabla yeye mwenyewe hajafika. Ulinzi huo haukukosa ukatili, na ni lazima lisemwe hilo, kwa kuwa wapo waliopigwa mara mbili kwa kosa moja, na wapo walioichukia skuli mpaka wakaiacha.

Bangi ilijulikana, lakini ilivutwa kwa kificho na watu wazima, na mtoto aliyeitaja alikemewa kwa kulijua jina lake tu. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1980, wakati biashara ilipofunguliwa na heroini, ambayo watu waliiita unga, ilipoanza kuonekana mjini ikitokea Asia kwa njia za bahari na anga. Kwanza ilivutwa, baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, ilikuja ile nyeupe inayoyeyuka kwa urahisi, na sindano ikaanza kupita kutoka mkono hadi mkono. Huko shamba maneno yalifika kabla ya unga wenyewe: kete, yaani kipimo kidogo kilichofungwa tayari kwa kuuzwa, teja, yaani mtu aliyekwisha kutawaliwa na unga, na arosto, yaani maumivu ya mwili mzima yanayompata teja anapoukosa. Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulionesha kwamba kiasi cha asilimia 16 ya wanaojidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa watu wote wa Zanzibar kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1.

Hata hivyo, kinachoingia katika mifuko ya sare za skuli mara nyingi si unga, bali ni sigara, bangi na kuberi, ambayo ni tumbaku ya kuwekwa mdomoni, inayotoka India katika vipakiti vidogo. Kuberi haina moshi, bei yake ni ndogo, na mwanafunzi anaweza kuibana chini ya mdomo huku mwalimu anaandika ubaoni, kwa hiyo mzazi anayesubiri kunusa harufu ya moshi katika nguo za mwanawe anaweza kusubiri bure.

Wakati huohuo bakora ilikuwa inaondoka. Sheria ya Elimu ya 1982 iliiruhusu, lakini Wizara ya Elimu ilichukua msimamo wa kuiacha na kuwafundisha walimu adhabu mbadala, yaani njia za kumrekebisha mtoto bila ya kumpiga, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 ikamlinda mtoto dhidi ya ukatili. Kwa kuwa mambo haya mawili, kuingia kwa dawa za kulevya na kuondoka kwa bakora, yaliandamana, wazazi wengi waliyafunga pamoja, na katika mikutano ya wazazi kauli inayorudiwa ni kwamba watoto wameharibika tangu bakora ilipoondolewa. Uchungu wa wazazi hawa ni wa kweli, lakini hesabu yao haikubali, kwa sababu vijana wa kwanza kuzama katika unga, wale wa miaka ya 1980 na 1990, walikua wakati bakora inatembea skuli, chuoni na nyumbani, nayo haikuwazuia.

Kilichoondoka ni watu wa njiani. Barabara ya lami, hoteli za Paje na Jambiani, na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, vyote vimeleta kipato, na mgao wa fedha za wageni wa hifadhi umesaidia miradi ya vijiji. Lakini baba na mama wanaondoka alfajiri na kurudi usiku. Palipo na skuli yenye mikondo miwili, mtoto wa asubuhi humaliza adhuhuri na kubaki na mchana mzima usio na mwenyewe. Na mpita njia akimuona na kipakiti mkononi, hunyamaza akihofia kuulizwa kwamba mtoto huyo anamhusu nini.

Tangu mwaka 2015 Hospitali ya Kidongo Chekundu inatoa methadoni, dawa inayotuliza arosto, na nyumba za upataji nafuu zinawapokea wanaotaka kuacha. Lakini huko mtu hufika akiwa ameshaumia. Mwanafunzi anayekutwa na bangi akafukuzwa skuli hupelekwa moja kwa moja kwenye kijiwe cha wale waliompa. Kwa hiyo kamati za skuli, masheha na wazazi wa Jozani wanaombwa, kabla ya kuidai bakora, wakubaliane nani atakuwepo njiani saa sita mchana, na kila mzazi amruhusu jirani yake, mbele ya mtoto mwenyewe, kumuuliza anakokwenda.